Maswali ya Wasomaji: Skrini ya Mwendeshaji Kiwandani

Barua tano za mwezi huu zote zinahusu jambo moja: programu inayomwonyesha mwendeshaji kinachoendelea mitamboni na kumpa mahali pa kubonyeza. Ikiwa kwenye skrini ya mlangoni mwa paneli, mafundi huiita HMI. Ikiwa kwenye kompyuta inayokusanya data za mitambo kadhaa, huiita SCADA. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake ndilo linalogharimu zaidi.

Mafundi, hamjambo. Tuna kiwanda kidogo cha maji ya chupa na juisi hapa Namanve, Uganda. Mtambo wa kujaza chupa unaendeshwa na PLC (kompyuta ndogo ya kudhibiti mashine) ya Siemens S7-1200, na ule wa kusafisha maji unaendeshwa na PLC ya Delta DVP. Tuna mota 9, vali 14, sensa 8 na VFD 2 (vifaa vya kubadili kasi ya mota). Tumeletewa bei tatu: skrini ya inchi 10 ya kufunga kwenye paneli, kompyuta yenye SCADA ya tagi 500, na programu ya bure ambayo kijana mmoja anasema ataifunga kwa malipo ya kazi tu. Ile ya kompyuta ndiyo inayopendeza macho. Tuchukue ipi? — Meneja wa uzalishaji

Ndugu meneja, chukua skrini ya inchi 10. Ila usitie saini kabla hujajua mambo manne: tagi zako ni ngapi, skrini hiyo inaongea vipi na PLC zako mbili, itafanya nini umeme ukikatika, na faili za mradi zitabaki mikononi mwa nani. Uzuri wa picha uwe wa mwisho, maana picha huchorwa upya kwa siku mbili.

Tuanze na tagi. Kila thamani inayosomwa au kuandikwa kwenye PLC ni tagi moja. Mota moja huhitaji kama 6: amri ya kuwasha, hali, hitilafu, otomatiki au mkono, saa za kazi, na ampea. Vali huhitaji 3. Sensa ya kupimia huhitaji 6, kwa kuwa pamoja na kipimo kuna mipaka ya juu na ya chini. VFD tuipe 8. Kwa hiyo mota zako ni 54, vali 42, sensa 48, VFD 16. Ongeza 20 za mapishi ya juisi, jumla ni 180. Weka asilimia 30 ya akiba na unafika 234. Leseni ya tagi 500 ingekutosha, lakini muulize muuzaji ni tagi gani zinazohesabiwa. Katika WinCC ya Siemens huhesabiwa zile zilizounganishwa na PLC, za ndani hazihesabiwi. Programu nyingine huhesabu zote. Ignition, programu nyingine ya SCADA, imejijengea jina kwa kutohesabu tagi kabisa, inauzwa kwa seva. Skrini za paneli za Weintek na Delta ni rahisi zaidi kwenye jambo hili: programu ya kuchorea unaipakua bure, na haki ya kuitumia umeshainunua pamoja na skrini. Kwa Siemens, programu ya kuchorea nayo hulipiwa.

Mawasiliano ndipo kazi nyingi hukwama, na wewe una PLC za watengenezaji wawili. S7-1200 tangu toleo la 4.0 la programu yake ya ndani hufunga mlango kwa skrini za watu wengine. Fundi afungue TIA Portal, programu ya Siemens ya kupangia PLC, aende kwenye mipangilio ya ulinzi ya PLC, na aweke alama kwenye “Permit access with PUT/GET communication from remote partner”. Kisha kwenye kila bloku ya data inayosomwa na skrini aondoe alama ya “Optimized block access”. Asipoiondoa, anwani hazipo kabisa na skrini itasoma makosa matupu. Jihadharini: bloku iliyobadilishwa hivyo ikipakiwa, thamani zake hurudi mwanzo. Viwango vya kujaza chupa vyote viandikwe karatasini kabla ya kugusa kitu.

Delta DVP ina mtego wake. Mlango wake wa mawasiliano (serial) hutoka kiwandani ukiwa kwenye kasi ya 9600, biti 7, pariti shufwa, biti 1 ya kusimama, mtindo wa ASCII. Skrini nyingi huanza na biti 8 na mtindo wa RTU, kwa hiyo waya unaweza kuwa sawa kabisa na bado pande zote mbili zikae kimya. Ukitumia draiva ya Delta (programu ya kuongea na PLC hiyo) iliyomo kwenye skrini, anwani zinajipanga zenyewe. Ukitumia Modbus ya kawaida, yaani lugha ya pamoja ya mitambo, D0 (rejista ya kwanza, chumba cha kumbukumbu cha PLC) iko kwenye anwani 4096, na skrini zinazoanza kuhesabu kwa 1 huiandika 404097. Kukosea kwa moja hapo ni kusoma rejista ya jirani.

Halafu kuna namba zenye desimali. Zinachukua rejista mbili, na si kila PLC hutanguliza nusu ileile. Zikipishana, shinikizo la 3.5 litasomeka 0.00, na mtu ataanza kubadilisha sensa ambayo haina ubaya wowote. Tiba ni chaguo moja dogo kwenye draiva, la kubadilishana nusu hizo mbili. Muuzaji aoneshe haya kwa PLC zako, mezani, kabla ya kulipwa. Neno “inakubali Modbus” kwenye karatasi ya bei si ushahidi.

Sasa umeme. Uwe bado unaiita kampuni ya umeme kwa jina la Umeme au umeshazoea UEDCL iliyochukua nafasi yake, umeme unakatika, na jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika. Skrini ya paneli hutumia volti 24 na wati kama 20. Ikijumlishwa na PLC mbili na swichi ya mtandao huvuki sana wati 50, na betri mbili za volti 12, ampea-saa 7, zinabeba mzigo huo zaidi ya saa moja zikiwa mpya. Kompyuta na kioo chake ni wati 90 au zaidi. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ndogo yenye betri moja ya aina hiyo ina wati-saa 84 kwa maandishi. Toa upotevu, toa uchakavu, unabaki na dakika 20 hivi, na baada ya miaka miwili pengine nusu yake. Kompyuta ikizimika ghafla huku hifadhidata ikiandikwa, huenda isiamke. Kama ungechagua SCADA, basi UPS iunganishwe na kompyuta kwa USB ili iizime kwa utaratibu betri ikibaki asilimia 30. Na Windows 10 ya kawaida iliachwa bila masasisho ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usikubali kuuziwa kompyuta “mpya” yenye mfumo huo.

Kwenye kiwanda cha maji chagua skrini ya kugusa inayofanya kazi kwa kubanwa, si ile inayohisi kidole kama simu. Matone huichanganya ile ya pili, na mwenye glavu mbichi hapati kitu. Uso wake uwe na kinga ya IP65 (dhidi ya vumbi na maji ya kurushwa), na mpira wa pembeni ukazwe sawasawa mlangoni. Skrini yenye IP65 iliyofungwa kwenye tundu lililokatwa kombo haina IP yoyote.

La faili ndilo watu hujutia. Faili inayokaa ndani ya skrini kwa kawaida si ile inayohaririwa. Ni iliyokwisha kukusanywa, yaani kugeuzwa lugha ya mashine, na kuirudisha nyuma hakuwezekani au kumefungwa kwa neno la siri. Kontrakta akihama au ugomvi ukitokea, kubadilisha hata neno moja ni kuchora upya. Andikeni kwenye mkataba kwamba mtapokea faili ya mradi inayohaririwa, maneno yote ya siri, orodha ya tagi na anwani zake, na kifurushi cha programu ya kuchorea kwa toleo lilelile lililotumika, kwa sababu mradi ukishafunguliwa kwenye toleo jipya mara nyingi la zamani haliusomi tena. Bakiza asilimia 20 ya malipo. Siku ya makabidhiano fundi wako mwenyewe, kwa laptopu yenu, afungue mradi, abadilishe jina la pampu moja, aukusanye na kuupakia. Ikifaulu, lipa.

Kuhusu bei: ulizeni kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo, na kwa SCADA ulizeni ada ya kila mwaka na kinachotokea msipoilipa. SCADA itakuwa na maana mkifungua laini ya pili au ya tatu, au mkihitaji ripoti za miaka kutoka hifadhidata moja. Skrini ya inchi 10 haitakuwa imepotea. Itabaki pale mlangoni kama mahali pa kuendeshea laini yake hata seva ikilala.

Kinu chetu cha unga wa mahindi kiko Jinja. Skrini inapiga alamu kama 400 kwa zamu ya saa 12, na waendeshaji wamebandika karatasi ya gundi juu ya spika. Isitoshe, kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wao ni watu wa Luganda na Kiswahili. Je, tununue programu nyingine? — Msimamizi wa zamu

Hapana. Mkinunua nyingine mtahamia na alamu zenu zilezile.

Mwongozo wa alamu wa EEMUA 191, unaofuatwa sana katika fani hii, unamhesabia mwendeshaji mmoja alamu moja kwa dakika 10 mambo yakiwa shwari. Kwa zamu yenu hiyo ni 72. Anzeni kwa kuchapisha kumbukumbu za wiki moja na kuzipanga kwa wingi. Karibu kila mara alamu kumi za juu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kelele.

Zile za sensa za kiwango kwenye hopa huwa za kupepesa: mahindi yanacheza kwenye mpaka, alamu inaingia na kutoka mara 30. Wekeni mwanya wa asilimia 5 kati ya kuwaka na kuzima, na kuchelewa kwa sekunde 60 kwa kiwango. Kwa shinikizo anzeni na asilimia 2 na sekunde 15, kwa joto asilimia 1 na sekunde 60. Hizo ni za kuanzia, mtazirekebisha. Kabla ya kuchelewesha alamu yoyote jiulizeni mtambo unaweza kuharibika katika muda gani. Lifti ya ndoo iliyokwama mkanda haisubiri dakika nzima.

Kundi la pili ni mvua ya alamu pale mota moja inaposimama na zilizo nyuma yake zikasimama kwa kufuata mpangilio wa kinga. Hitilafu ni moja, lakini skrini inasema 12. Kwenye PLC, si kwenye skrini, fundi aweke kumbukumbu ya kilichoanza, kisha alamu za waliofuata zizuiwe. Vilevile alamu ya “mtiririko mdogo” haina kazi wakati pampu au mota yake imezimwa na mtu. Iliyobaki ipimwe kwa swali moja: mwendeshaji afanye nini ikilia? Kama jibu ni “hakuna”, ishushwe iwe taarifa ya kumbukumbu tu. Zikishachujwa, za dharura zisizidi asilimia 5, za kati 15, nyingine ziwe za chini.

Lugha sasa. Skrini nyingi za leo hubeba lugha kadhaa, na kitufe cha kubadilisha huwekwa pembeni. Jedwali la maneno hutolewa kama faili ya Excel, mnalijaza wenyewe na kulirudisha. Yako mambo mawili ambayo mtengenezaji wa ng’ambo hawezi kuyajua. Kwanza, Luganda ina herufi ŋ, na fonti za skrini za zamani huionyesha kama kisanduku kitupu. Jaribuni neno moja kabla ya kuandika 300. Pili, Kiswahili chetu kina “imefungwa” na “imefunguliwa”, ambazo kwa mtu aliye hatua nne mbali, vumbi la unga likiwa hewani, ni neno moja. Andikeni WAZI na IMEFUNGWA. Kwa mota, INAENDA na IMESIMAMA husomeka vizuri kuliko “imewashwa” na “imezimwa”, na pia husema ukweli zaidi, maana mota inaweza kuwa imewashwa na isizunguke.

Na kama mandhari ya skrini yenu ni ya rangi saba, ipakeni kijivu. Nyekundu na njano ziachiwe alamu peke yake.

Nimehitimu uhandisi wa umeme na ninasaidia kituo cha kukusanya maziwa Mbarara, chenye matangi manne ya kupozea. Bajeti ni ndogo. Nataka kutumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) na programu ya Node-RED, au Rapid SCADA. Rafiki yangu anasema nichukue Ignition ya majaribio, niibonyeze upya kila inapoisha. Mnasemaje? — Mhandisi kijana

La rafiki yako liache. Majaribio ya Ignition hudumu saa 2 kisha husimama hadi mtu aianzishe tena, na maziwa hayalali. Toleo lao la Maker nalo ni la matumizi binafsi, si la biashara.

Node-RED na Rapid SCADA zote ni huru na zinafaa kwa kazi yako, kwa sharti moja: ziangalie, zisidhibiti. Kompresa ya kila tangi ibaki chini ya kidhibiti joto chake, kilichowekwa 4°C, hata Pi ikifa. Nunua moduli moja ya Modbus RTU yenye njia nne za PT100 (sensa ya joto). Tumia PT100 ya waya tatu, kwa sababu ile ya waya mbili huongeza ukinzani wa waya kwenye kipimo: sensa yenyewe hubadilika ohm 0.39 kwa kila digrii, na waya mrefu mwembamba hukupa digrii mbili za uongo bila taabu. Kebo ya RS-485, ile ya mawasiliano ya moduli, iwe jozi iliyosokotwa yenye ngao, ipite kwa mstari kutoka kifaa hadi kifaa, isitawanyike kama matawi, na kinzani cha ohm 120 kwenye ncha mbili tu.

Soma kila sekunde 60. Hiyo ni mistari 1,440 kwa siku kwa tangi, 5,760 kwa yote manne, kama milioni 2.1 kwa mwaka. Kwa baiti 100 kila mstari ni megabaiti 210, kitu kidogo. Kinachoua si ujazo bali kadi ya SD: huchoka kwa kuandikwa, na umeme ukikatika katikati ya maandishi hukataa kuwaka. Tumia SSD ya USB, na weka saa yenye betri, kwani Pi nyingi hazina saa inayoendelea bila umeme. Bila intaneti asubuhi, kumbukumbu zako zitakuwa na tarehe ya jana. Weka pia king’ora cha kawaida kwenye rilei kwa joto likipita 6°C kwa dakika 15, ili mlinzi wa usiku asitegemee simu yake kuwa na chaji.

Halafu andika ulichofanya. Wewe ukipata kazi Kampala, mtu mwingine ataikuta Pi hiyo ikiwa haina hata karatasi ya neno la siri.

Bosi wetu anataka kuona kiwanda kwenye simu yake akiwa safarini. Fundi wa intaneti anasema atafungua mlango wa ruta uelekee PLC. Ni sawa? — Fundi umeme, Kampala

Si sawa hata kidogo. Modbus ya mtandao, inayopita mlango 502, haina neno la siri. Anayeufikia anaweza kusoma na kuandika vilevile, na mashine zinazotafuta milango hiyo mtandaoni hazichoki. Kwanza, kwenye intaneti ya simu huenda hata isiwezekane, kwa kuwa kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje.

Wekeni VPN (njia iliyofichwa ndani ya intaneti) inayoanzia ndani kwenda nje, kama WireGuard kwenye ruta ya viwandani inayopiga kwa seva yenu ndogo. Njia hiyo haihitaji mlango wowote kufunguliwa upande wa kiwanda. PLC na skrini ziwe kwenye mtandao wao, mbali na kompyuta za ofisi na Wi-Fi ya wageni. Akaunti ya bosi iwe ya kutazama tu. Mtu aliye uwanja wa ndege hasikii kama kuna mkono ndani ya mashine.

Kontrakta ameweka kitufe cha dharura kwenye skrini ya kugusa, chekundu, kikubwa. Anasema kinatosha. — Msomaji, Mbale

Hakitoshi, na msipokee kazi hiyo. Skrini hugoma, mawasiliano hukatika, kidole chenye mafuta hakishikwi. Kitufe cha dharura ni cha chuma na plastiki, kichwa chekundu chenye umbo la uyoga juu ya msingi wa njano, kinachojifunga kikibonyezwa na kuhitaji kuzungushwa ili kirudi. Mguso wake ni wa kawaida-kufungwa (umeme hupita hadi kibonyezwe) na hukata umeme wa kontakta, swichi kubwa ya mota, moja kwa moja au kupitia rilei ya usalama, bila kupita kwenye programu yoyote. Skrini inaruhusiwa kuonyesha kwamba kimebonyezwa, basi. Kukirudisha kusiwashe mashine. Mwendeshaji abonyeze kuwasha upya mwenyewe. Kipimeni kila mwezi mashine ikiwa inaenda, na kwa kila kitufe peke yake, kwa sababu vilivyofungwa kwa mfululizo huficha kimoja kilichorukwa kwa kipande cha waya.